Muchana mugodi, usiku mugodi tena: kati ya michezo hii miwili, uchague gani?

Hapa kwetu Kolwezi kuko muzee mumoja, jirani yetu, alitumika mu mugodi zaidi ya miaka 30. Siku moja nilipita kumusalimia, nikamukuta amesimama nyuma ya kijana wake, mikono kiunoni, anaangalia telefone. Kijana ni shofere wa kamio kubwa mu kariere: siku 14 kazini, siku 7 nyumbani. Pale ndani ya telefone, mutu mudogo alikuwa anapiga jiwe na sululu. Piga, piga, piga. Jiwe likitoa shaba, anatia mu mufuko, anahamia jiwe lingine.

— Uko nafanya nini pale? muzee akauliza.

— Niko nachimba, baba.

— Muchana mugodi, usiku mugodi tena? Na kule banakulipa ngapi?

— Habalipi, baba. Ni muchezo.

Muzee akaniangalia mimi, sawa vile mimi njo nilimufundisha mutoto wake ile upumbafu.

Lakini kijana alikuwa na shida ya kweli, na alikuwa ananingojea juu yake. Yaya wake anakaa Liège, Ubelgiji, miaka mingi sasa. Zamani walikuwa wanaongea kila siku. Leo ni ujumbe mufupi tu: «Mambo?» «Sawa.» Basi. Yule yaya anacheza World of Warcraft kila juma, na alimwambia: «Mudogo, ingia na wewe, tutakuwa tunaonana pale.» Lakini rafiki mumoja wa kampi alikuwa amekwisha kumwonyesha mudogo muchezo mwingine, Old School RuneScape. Kucheza yote miwili haiwezekani: forfe ni moja, na siku za kupumuzika ni saba tu. Achague gani?

Nilicheza yote miwili, na usiku mingi ya usingizi ilipotelea mule. Nilimujibu kijana, na ninaandika jibu langu hapa, kwani ninajua si yeye peke yake mwenye swali hili mu makampi yetu.

Ni michezo ya namna gani?

Kwa wazazi wasiojua: hii haina michezo ya kupiga mupira mu telefone, dakika tano na kisha kufunga. Ni inchi nzima ya hadisi, iko na miji, mapori, majoka na wachawi. Watu maelfu kutoka inchi zote wanaingia mule kwa saa moja, kupitia mutandao. Kila mutu anajitengenezea mutu wake: mupiganaji, mulozi, muwindaji. Anaanza hana kitu, anafanya kazi, anapanda daraja kidogo kidogo. Ukizima mashini, ile inchi inaendelea bila wewe. Kesho ukirudi, wengine wamekwisha kusonga mbele.

Na mule ndani kuko kazi ya mugodi. Hii njo inafanya watu wetu wacheke mara ya kwanza. Mu World of Warcraft unabeba sululu, unatafuta mishipa ya shaba mu milima, unaiyeyusha, unafika ku chuma na madini mengine yenye majina ya hadisi tupu. Tangu mwaka 2008 mule kuko hata kobalti! Iko inapatikana Northrend, inchi ya baridi na barafu. Sisi watu wa Lualaba, ambao zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu na kwa jirani zetu wa Haut-Katanga, tunajua kobalti ya jua na vumbi. Ile ya barafu ni ya muchezo.

Mu RuneScape, kazi ya mugodi ni kubwa zaidi. Unaanza na shaba na bati. Unavichanganya mu tanuru, vinatoa bronzi. Hapo hawakudanganya, bronzi ya kweli njo inatengenezwa vile. Kisha chuma, na chuma pamoja na makaa ya mawe vinatoa feleji. Kufikia daraja la 60 wanakufungulia mugodi wa chama cha wachimbaji, karibu na muji wa Falador.

Muzee alipoona shaba imetoka na jiwe limebaki tupu, alishangaa kuona baada ya kitambo kidogo shaba imerudi palepale.

— Inarudi? akauliza.

— Inarudi, baba. Saa yote.

— Ah. Kwetu ikitoka, imetoka.

World of Warcraft: mukutano mukubwa

Muchezo huu ulitoka Marekani mwezi wa 11 mwaka 2004, kazi ya kampuni Blizzard. Mwaka 2010 ulifikia watu zaidi ya milioni 12 wenye kulipa kila mwezi. Dunia yake inaitwa Azeroth, na watu wamegawanyika pande mbili, Alliance na Horde.

Nguvu yake ni watu kuwa pamoja. Mu mapango yake mnaingia watano: mumoja anapokea mapigo, mumoja anaponyesha wenziwe, watatu wanapiga. Mapambano makubwa yanaomba kikundi kikubwa zaidi. Miaka ya mwanzo walikuwa wanaingia watu 40 pamoja. Mutu mumoja akikosea, bote wanakufa, munaanza upya. Mutu wa mugodi ataelewa haraka: ni sawa na ekipe. Kama yule wa mbele amelala, yule wa nyuma anaumia. Ukipata kikundi kizuri, utapata marafiki wa kweli, na mimi niko nao mupaka leo. Picha zake ni nzuri, hadisi zake ni tamu, na unaweza kuucheza mu Kifaransa. Kwa watoto wetu waliosoma mu Kifaransa, ile si jambo dogo.

Lakini angalia bei yake. Kwanza, unaomba ordinatere. Mu telefone hauingii. Tena, si ordinatere yoyote ya zamani: muchezo peke yake unakula nafasi ya zaidi ya giga 100. Mutu anayenunua mamega yake kidogo kidogo, atashusha giga 100 siku gani? Na kila mara wanatoa marekebisho mapya, unashusha tena. Pili, malipo: mu Ulaya ni ero 12.99 kila mwezi. Kwa mwaka mumoja ni karibu ero 156. Unaweza kuonja bule mupaka daraja la 20, lakini mwenye kucheza bule haruhusiwi kuingia mu chama cha wachezaji wengine. Na ule umoja njo utamu wenyewe wa muchezo.

Tatu, na kwangu hii njo inapita zote: saa. Kikundi kikisema tunaanza saa mbili ya usiku, ni saa mbili. Umeme ukikatika katikati ya pambano, haukuhusu wewe peke yako; wenzako wanne wanakufa juu yako. Mara ya kwanza watakuhurumia. Mara ya tatu watatafuta mutu mwingine. Hawana ubaya, nao wana saa yao ya kulala. Lakini mutu wa posti, leo muchana, juma lijalo usiku, atawaahidi saa gani?

Old School RuneScape: sululu yako mwenyewe

RuneScape ni muzee kuliko mwenzake. Ulianza mwezi wa kwanza mwaka 2001, kazi ya kijana wa Uingereza, Andrew Gower, pamoja na ndugu zake. Kampuni yao Jagex iko Cambridge. Miaka ikapita, muchezo ukabadilishwa sana, wachezaji wa zamani wakalalamika. Kwa hiyo mwaka 2013 kampuni ilifungua tena muchezo kama ulivyokuwa mwaka 2007, ikauita Old School, ni kusema wa zamani. Tangu pale, kabla ya kuongeza kitu kikubwa wanapigisha wachezaji kura, na kama kura haitoshi, hakiingii.

Picha zake ni mbaya, nisiwafiche. Watu ni wa pembe-pembe, miti sawa vile karatasi iliyokunjwa. Kijana alipomwonyesha yaya wake, yaya alicheka sana. Lakini ule ubaya njo unaufanya uwe mwepesi. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2018 unaingia mu telefone ya kawaida, na ni konti ileile kwa telefone na kwa ordinatere. Mutu wa Kolwezi mwenye telefone na mutu wa Liège mwenye ordinatere wanasimama pamoja mbele ya jiwe moja. Tena muchezo hauna haraka: unahesabu mambo yake kwa vipande vya sekunde 0.6, hivi rezo ikichelewa kidogo, mara nyingi haikuumizi. Ukiwa unachimba na umeme ukakatika, unapoteza mawe mawili matatu ya shaba tu. Hakuna mutu atakukasirikia.

Kucheza bule kunaruhusiwa bila mwisho. Sehemu ya bule ni ndogo kuliko ya kulipa, lakini inatosha miezi mingi: kuchimba, kuyeyusha, kufua, kuvua samaki, kupika, kupigana. Mwenye kutaka sehemu kubwa analipa kila mwezi, ao anatumika mule ndani, anakusanya zahabu ya muchezo, na kwa zahabu ile ananunua hati ya siku 14 kwa muchezaji mwingine aliyeilipia falanga. Njia hii kampuni yenyewe njo iliiweka, ni halali. Lakini uhesabu vizuri: kama unachimba saa mingi mu muchezo ili ulipe muchezo, ulikwisha kuingia posti nyingine bila kandarasi.

Ubaya wake? Kingereza njo lugha yake kubwa. Wengine wanasema ni shule ya bule, nami nimeona watoto wakijua majina ya madini mu Kingereza kupitia mule. Lakini asiyejua kitu kabisa atasumbuka mwanzo. Ubaya wa pili ni polepole yake. Kila kazi inapanda mupaka daraja 99, na kufika kule kunaomba pointi 13,034,431. Ukifika daraja 92 unazani umekaribia. Kumbe uko nusu ya njia! Mutu anaweza kupoteza mwaka wake kwa kupiga jiwe la picha. Hapo muzee alikuwa na haki kuuliza.

Mahali zahabu inachafua muchezo

Kuko jambo moja ninataka wazazi walisikie vizuri, kwani vijana wetu wanaambiwa: «Mule kuko falanga.» Ni kweli kuko watu wanauzisha zahabu ya muchezo kwa dolare ya kweli. Makampuni yote mawili yanaikataza: wakikushika, konti yako inafungwa, na kazi yote inapotea siku moja.

Historia ya biashara ile haina tamu. Mwaka 2011 gazeti The Guardian la Uingereza liliandika habari ya mufungwa wa zamani wa kambi ya Jixi, kaskazini mashariki ya China. Muchana, alisema, walikuwa wanavunja mawe na kuchimba mitaro mu migodi ya makaa. Usiku waliwekwa mbele ya ordinatere, wakalazimishwa kucheza michezo ya namna hii ili wakubwa wa kambi wauzishe zahabu. Asiyefikisha hesabu alipigwa. Muchana mugodi, usiku mugodi tena. Neno la muzee wetu kwa wale lilikuwa neno la kweli.

Kule Venezuela, wakati falanga ya inchi ilianguka kabisa, watu wengi waliingia RuneScape kuua majoka ya kijani saa na saa, wauzishe zahabu yake wapate chakula. Wachezaji wengine waliwafuata kuwaua, kama vile ni wezi. Mimi siwezi kumuhukumu mwenye njaa. Lakini muone ni kazi gani: bila kandarasi, bila haki, na siku yoyote wanakufungia mulango. Wachimbaji wetu wa mukono wanaijua ile hali, haiombi kuifuata tena mu telefone.

Wizi nao unaleta matata kwa wote. Kati ya mwaka 2007 na 2008 Jagex ililazimika kuondoa uhuru wa kupeana vitu ndani ya RuneScape, kwani wauzishaji wa zahabu walikuwa wanalipa na karte za benki zilizoibiwa. Ilirudisha uhuru ule mwaka 2011 tu. Miaka mitatu watu wema walilipa deni la wezi.

Na mutoto anayeanza, umwambie mambo matatu. Mutu akimwambia «nipe zahabu yako, nitakurudishia mara mbili», ni mwizi, sawasawa na wale wa mu njia. Mutu akimwita amufuate pori la Wilderness akiwa amevaa vitu vya bei, ni mutego: kule wachezaji wanaruhusiwa kukuua, na mara nyingi unabaki na vitu vitatu tu. Na neno la siri halipewi mutu, hata akisema anatumika ku kampuni. Kampuni haiulizi neno la siri.

Basi, uchague gani?

Usiulize muchezo gani ni mukubwa. World of Warcraft ni mukubwa kwa picha, kwa hadisi, na kwa watu wanaotumika pamoja. Uulize: nyumbani kwangu kuko nini?

Kama uko na ordinatere nzuri, rezo ya kudumu, umeme unaokaa, na saa zako zinajulikana, na ero 13 kwa mwezi haiondoi kitu ku sahani ya watoto, uingie World of Warcraft. Utafurahi. Uanze na sehemu ya bule mupaka daraja la 20, uone kwanza kama unaupenda, kabla ya kutoa falanga.

Kama uko na telefone tu, unanunua mamega kwa juma, umeme unaenda na kurudi, na posti yako inageuka kila mara, uchukue Old School RuneScape, sehemu ya bule. Muchezo unaokubali uondoke saa yoyote bila kumukosea mutu, njo muchezo wa mutu wa mugodi.

Na ule unaochagua, uwekee mupaka kabla ya kuufungua. Mutu akitoka posti ya usiku, alale kwanza. Ule usingizi haumuhusu yeye peke yake. Shofere wa kamio ya tani mingi mwenye macho mekundu ni hatari kwa ekipe nzima, na hakuna daraja 99 itamurudisha mutu aliyegongwa. Nyumba nyingine zinaweka saa moja, ile ya kisha chakula. Nyingine siku za kupumuzika tu. Mama wa nyumba naye aulizwe, kwani bwana anayerudi siku 7 na kuinamia telefone siku 7, ni kama hakurudi.

Kijana wetu nilimwambia hivi: usimufuate yaya kwake, umwite yeye kwako. Yeye ana ordinatere, anaweza kuingia kila pahali. Wewe uko na mulango mumoja. Yaya alikataa kwanza, juu ya zile picha. Kisha alisema atajaribu siku moja.

Siku ya Mungu iliyofuata nilikuwa pale. Walipatana Lumbridge, pahali wachezaji wapya wanaanzia, kisha wakashuka mu kinamasi cha kusini, kule kuko shaba na bati ya wanafunzi. Yaya, aliyezoea kuua majoka makubwa ya Azeroth, alikuwa na sululu ya bronzi, hajui hata kugonga. Mudogo alimufundisha. Walichimba saa moja nzima pembeni ya pembeni, wakaandikiana mambo ambayo «Mambo? Sawa» haikuwa inabeba: kazi ya kule, baridi, mutoto aliyeanza masomo, deni moja la zamani kati yao.

Muzee alikuwa amekaa ku kiti chake, anajifanya hasikii. Kisha akavuta kiti karibu.

— Yule mwenye kofia njo yaya wako?

— Njo yeye, baba.

Akaangalia wale watu wawili wadogo wa pembe-pembe wanapiga mawe yao. Akanyamaza kidogo.

— Muulize kama alikula.